Visivyosomeka

Machi 3

Daktari ameniwekea chuma chake baridi mgongoni, akasikiliza kwa muda, kisha akaniambia nina nimonia. Nikamwambia haiwezekani, tunahama mwisho wa mwezi. Akauliza kama nyumba mpya ina ngazi. Nikasema inazo. "Basi utazipanda polepole," akasema, akaendelea kuandika dawa. Nimebishana na mawaziri redioni na sijawahi kupewa jibu fupi hivyo, lisilo na hata pa kulishika.

Nilale. Ninywe maji. Nisibebe hata kiti. Nisiongee sana. Hapo pa mwisho mke wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliangua kicheko hadi muuguzi akachungulia.

Machi 4

Mvua. Homa. Hakuna la kuandika.

Machi 5

Niuandike ugomvi wenyewe kabla homa haijapanda tena.

Nyumba mpya ina vyumba vitatu vya kulala. Cha kwanza ni chetu. Cha pili ni cha binti yetu, anayesoma chuo mbali na kurudi kila likizo na begi la nguo chafu. Cha tatu ni changu. Narudia kwa wino: cha tatu ni changu. Safu yangu ya gazeti nimeiandikia kwenye meza ya kulia chakula tangu binti huyo hajazaliwa, nikikusanya makaratasi kila sahani inapokuja, na kila ninapokusanya makaratasi hoja moja inapotea. Chumba cha tatu kina dirisha la nyuma, kina mlango, na mlango una ufunguo. Nimeushika kwa mkono wangu.

Ila siku tuliyokwenda kuiangalia nyumba, mke wangu alisimama katikati ya chumba hicho hicho, akasema kama anayesemesha ukuta: "Mama naye umri unakwenda. Kukaa peke yake kule..." Hakumaliza. Mimi sikujibu. Mtu anayenijua anajua kwamba kutojibu kwangu ni habari ya ukurasa wa mbele.

Na kesho huyo Mama anakuja kutusaidia kufunga mizigo. Mke wangu ni mpima ardhi, anashinda kwenye viwanja vya watu tangu asubuhi, na mimi kwa sasa ni mzigo mmojawapo.

Machi 6

Mama mkwe amefika na mto wake wa kulalia, cherehani yake, na mfuko wa kamba. Alikuwa na duka la mapazia mpaka mwaka jana alipolifunga. Akiingia popote, macho yanakwenda dirishani kwanza, watu baadaye.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Umekonda. Hilo pazia nani alilikata?"

"Lilikuwepo tulipopanga, Mama."

"Linaonekana."

Kwenye karatasi simwogopi mtu. Nimewaita watu wazima majina ambayo watoto wao wanayakumbuka hadi leo. Lakini sibishani na aliyemzaa mke wangu. Nimelelewa hivyo, na katika miaka yote ya ndoa hii nimempa Mama majibu mawili: "Ndiyo, Mama" na "Asante, Mama." Mke wangu anasema ndiyo mapumziko pekee anayoyapata.

Machi 9

Nimemaliza riwaya iliyopewa tuzo mwaka jana. Bwana mmoja anarithi kiwanda cha vifungo, anahuzunika. Anautazama mto. Anahuzunika tena. Nilipofika katikati nilikuwa nauombea mto uongezeke maji umchukue. Wahakiki wanasema kitabu kina "ukimya mzito." Ukimya mzito ndio nini? Mwandishi hakuwa na la kusema, akalisema polepole, wakadhani ni busara. Ningeandika makala leo leo kama homa ingeniacha.

Baada yake nikasoma kitabu chembamba kuhusu historia ya kufuli. Raha tupu. Kila ukurasa kuna mtu anabuni kufuli na mwingine anaifungua. Ndivyo mjadala unavyopaswa kuwa.

Machi 11

Chumba cha kulala kimejaa maboksi, nimehamishiwa kwenye kochi la sebuleni, mbele ya runinga. Maana yake ni kwamba naangalia tamthilia ya Mama.

Dada wawili wamerithi hoteli. Mkubwa aliteleza kwenye ngazi akapoteza kumbukumbu, kwa hiyo mdogo anaendesha mambo na kuvaa vidani vya dada yake. Muziki unaingia kabla mtu yeyote hajasema neno, ili tujue tuhuzunike.

"Huyu hajapoteza kumbukumbu," Mama akasema, sindano mdomoni. "Anajifanya."

Kila kitu kilionyesha amepoteza. Alikuwa anamsalimia mumewe kama mgeni wa hoteli.

"Ndiyo, Mama," nikasema.

Machi 12

Hajifanyi! Leo amesahau hata chumba anacholala. Nimenyamaza.

Machi 14

Mhariri amepiga simu. Safu yangu haijatoka mara mbili na Bwana Mizani, wa safu jirani, ameitumia nafasi hiyo. Namwita Bwana Mizani kwa sababu hajawahi kuandika sentensi isiyo na "kwa upande mwingine" ndani yake. Safari hii ameandika kwamba mijadala ya taifa "imetulia kidogo siku hizi, na huenda ni vyema tujiulize kwa nini." Ananisema mimi! Na kwa tabia yake, hata kunisema amenisema nusu.

Nilikaa nikajaribu kumjibu. Sentensi zangu ni ndefu, zinapanda, zinakusanya ushahidi njiani, halafu zinashuka na rungu. Leo kila niliyoianza nilikohoa kabla ya rungu.

Machi 15

Mvua imeingia dirishani ikalowesha boksi la vyombo. Vyombo havikujali.

Machi 17

Leo yapo mengi.

Asubuhi nilimwomba Mama anisaidie kugawa vitabu. Sauti yangu imebaki mnong'ono, basi nilinong'ona kwa kituo: vilivyosomwa viwekwe pamoja, visivyosomwa viwe kando, nivifungue hivyo kwanza tukifika. Rafu moja ya mwisho nikamwachia aamue mwenyewe. Nikalala.

Nilipoamka maboksi yalikuwa yamepangwa ukutani, yamefungwa kamba zile za mapazia, na juu yake ameandika kwa kalamu nene ya kuchorea vitambaa. VILIVYOSOMWA, maboksi mengi. VISIVYOSOMWA, machache. Na moja peke yake karibu na mlango: VISIVYOSOMEKA.

Nilitabasamu. Nikasema moyoni, mzee wa watu, herufi mbili zimempotea. Nikafungua kamba ili niwe na uhakika.

Juu kabisa kulikuwa na yule bwana wa kiwanda cha vifungo. Sawa. Chini yake ripoti ya tume fulani, ambayo hata tume yenyewe haikuisoma. Sawa kabisa. Chini yake mashairi ya rafiki yangu wa zamani, na hapo niliona uchungu kidogo, lakini ukweli ni ukweli. Nikaanza kumvulia kofia Mama. Chini ya mashairi kulikuwa na vitabu viwili vya majalada mekundu. Navifahamu. Jina la juu ni langu. Makala zangu zote nilizoona zinastahili kuishi, juzuu ya kwanza na ya pili.

Nikafungua juzuu ya kwanza. Kwenye ukurasa wa arobaini na kitu kulikuwa na uzi wa pazia, rangi ya maziwa, umelazwa kama alama.

Kwa hiyo hakukosea herufi. Amesoma, akafika pale, akatoa hukumu.

Mke wangu aliporudi nilimwonyesha. Alikaa chini akacheka hadi akavua miwani.

"Kamuulize," akasema.

"Nimuulizeje mama yako jambo kama hili?"

"Kwa mdomo."

"Siwezi kubishana na Mama."

"Basi kohoa, ulale."

Machi 18

Nimeshinda nikitafakari kitenzi. Kitabu kisichosomwa hakina kosa, zamu yake haijafika tu. Kisichosomeka kina kosa chenyewe. Mgeni anayejifunza lugha yetu angeona maneno hayo mawili ni ndugu. Mimi nayaona kama mshtakiwa aliye rumande na yule aliyekwisha kufungwa.

Mama anashona. Amenipikia uji, nikasema "Asante, Mama" kwa sauti ambayo nilitaka aisikie ina nini ndani yake. Akasema, "Kunywa, utapoa."

Machi 20

Limetokea.

Katika tamthilia daktari alimpima dada mkubwa, akaeleza mbele ya familia nzima: kumbukumbu imepotea kweli. Nikapiga kochi ngumi.

"Nilijua!"

Mama akageuka. "Ulijua nini?"

"Kwamba hajifanyi. Tangu mwanzo."

"Mbona nilivyosema anajifanya ukasema ndiyo Mama?"

"Nilikuheshimu, Mama."

"Kuniheshimu ndiyo kuniacha nipotee siku zote hizi?"

Sijui ni homa au ni daktari yule wa kwenye runinga aliyenitia moyo. "Mama," nikasema, "lile boksi la mlangoni."

"Lipi?"

"La visivyosomeka."

"Ehee."

"Vitabu vyangu vimo."

"Vimo." Akazima runinga, jambo ambalo hajalifanya tangu aje. "Nimesoma mpaka pale penye uzi. Baba, unapiga kelele. Tangu ukurasa wa kwanza. Mtu hajakufanyia lolote, amefungua kitabu tu, tayari anagombezwa."

"Sikugombezi wewe, Mama. Nawagombeza wanaouza viwanja vya shule. Nawagombeza waongo."

"Hao hawasomi. Anayesoma ni mimi."

Kisha nikasikia mtu anasema, "Mama, hapo umekosea," na mtu huyo alikuwa mimi.

Mvua ilikuwa inapiga bati la jirani. Nilingoja dari lishuke. Mama aliweka kitambaa chini, akavuta kiti karibu na kochi, akakaa kama mtu aliyekuwa anangoja basi na sasa ameliona.

"Nimekosea wapi? Sema."

Nikasema. Nikamwambia kuna mambo hayasemeki kwa upole. Nyumba ikiwaka hakuna anayenong'ona.

"Anasema moto," Mama akajibu. "Hatoi hotuba. Wewe nyumba inawaka, unaanza na aliyenunua kiberiti."

"Kwa sababu ndiye aliyeichoma!"

"Watu watoke kwanza!"

Akainuka, akaenda kwenye boksi, akarudi na juzuu ya kwanza. Akafungua penye uzi. "Soma hapa kwa sauti. Sentensi moja tu."

Nilisoma. Ilikuwa sentensi nzuri, niliwahi kujivunia. Ilianza na ofisi ya ardhi, ikapitia bungeni, ikarudi sokoni, na kabla haijafika kwa mkosaji kifua kilinikatika nikakohoa hadi machozi. Mama alinishikia glasi ya maji.

"Ni ugonjwa huu," nikasema.

"Basi andikia wagonjwa. Ndio wenye nafasi ya kusoma."

Angekuwa Bwana Mizani ningejifia hapo. Lakini nilikuwa nimeshaonja utamu wa kumjibu. "Na yule dada mdogo wa hoteli," nikasema, "analia kuanzia muziki wa kuanza hadi wa kumaliza. Ile si kelele? Mbona ile inakuingia?"

Mama akatazama runinga iliyozimwa. Bega likaanza kutikisika. "Hapo," akasema akicheka, "hapo umenipata, mwanangu."

Mke wangu alitukuta hivyo. Alisimama mlangoni, buti za tope mkononi, akatutazama mmoja baada ya mwingine.

"Kuna nini humu?"

"Mkwe wangu ananijibu," Mama akasema, kama anayetangaza kwamba mtoto amesimama dede.

Machi 21

Tumebishana kama mtu mbaya wa kwenye riwaya aadhibiwe mapema. Yeye anataka aadhibiwe kabla ya katikati, ili nusu iliyobaki watu wapumzike. Huo si usomaji, huo ni usafi wa mazingira. Nikamwambia hivyo hivyo. Akaniita bwana mwandishi.

Machi 22

Filamu ya kweli kuhusu watu wanaopaka rangi madaraja marefu. Wakimaliza upande wa pili, wa kwanza umeshachakaa, wanaanza tena. Mama alilala. Mimi niliitazama hadi mwisho kwa furaha isiyo na sababu. Sijakohoa tangu mchana.

Machi 24

Nimemjibu Bwana Mizani. Sentensi fupi, ninazoweza kuzisoma kwa pumzi niliyo nayo. Sikumtukana. Nilinukuu "kwa upande mwingine" zake zote za mwaka huu, nikazipanga moja chini ya nyingine, nikaacha hapo.

Mhariri akapiga simu. "Nani kakuhariri?"

"Nimonia," nikasema.

Machi 26

Mama ameanza kushona kitambaa kipya, kizito, rangi ya bluu ya usiku. Nilimsikia akimuuliza mke wangu kipimo cha dirisha la nyuma, na mke wangu akamtajia bila hata kutazama daftari. Dirisha la nyuma ni la chumba cha tatu.

Kwa hiyo limekwisha kuamuliwa! Nimeugua, na chumba kimechukuliwa nikiwa nimelala kochini. Niliandaa hoja. Ya kwanza ni meza ya chakula. Ya pili ni kazi yangu inayotulisha. Ya tatu ni ufunguo. Nilipofika ya nne nikagundua naandaa na majibu ya upande wa pili, na yalikuwa mazuri. Nikachukia. Bwana Mizani anaambukiza.

Jioni nilimkabili mke wangu jikoni, akiwa anafunga vikombe kwenye magazeti yenye safu yangu.

"Kuhusu chumba cha tatu."

"Ni chako," akasema. "Nimeshaamua. Mama atarudi kwake tukishahamia. Amesema mwenyewe ana nyumba yake."

Nilikuwa nimesimama na hoja nne mkononi, sina pa kuziweka.

"Vizuri," nikasema.

Machi 27

Nimeshinda. Naandika ili isisahaulike. Chumba cha tatu ni changu, kwa kukubaliana, bila ugomvi.

Mama amemaliza pindo. Kitambaa kinapendeza. Ameshona pazia la chumba ambacho halali, na hajasema neno, na mimi ndiye niliyeambiwa napiga kelele.

Machi 28

Daktari: mapafu yamesafika sana. Ngazi polepole.

Tamthilia: dada mkubwa amekumbuka. Amekumbuka kila kitu isipokuwa kwamba mdogo wake ndiye aliyemsukuma, kwa sababu hakumsukuma. Mama alikuwa ameapa amemsukuma. Mbili kwangu, bila kitu kwake. Nilimwambia hivyo. "Bado haijaisha," akasema. Na hilo ndilo lililonikera siku nzima: haijaisha, na atakapokuwa anaiangalia mwisho wake atakuwa peke yake, hana wa kumwambia amekosea.

Machi 30

Tumehama.

Nilikatazwa kubeba, basi niliketishwa kwenye kiti ndani ya mlango wa nyumba mpya, blanketi mabegani, kazi yangu kusoma maandishi ya maboksi na kuwaambia wabebaji waende wapi. Mama alikwenda mapema na mke wangu kufunga reli na kulabu. Mvua ilitusubiri kidogo, kisha ikachoka kusubiri.

Maboksi yakapita. Jikoni. Juu, kushoto. VILIVYOSOMWA, hapo ukutani. Mbebaji mkubwa aliinua boksi moja akalisoma kwa sauti: "Visivyosomeka. Hili tutupe, bosi?"

"Thubutu!"

Akacheka. "Basi vinasomeka, kama vinatetewa hivyo."

Kisha ikaja meza yangu. Mke wangu alininunulia tulipoanza kutafuta nyumba, na ilikaa imesimamishwa nyuma ya kabati ikingoja chumba. Wawili waliishika, maji yakiwatiririka, wakasimama mbele yangu.

"Meza hii?"

Nilikuwa nimebeba maelezo yake kwa majuma. Kwa nini mwandishi anahitaji mlango. Kwa nini mlango unahitaji ufunguo. Na sasa nilikuwa na maelezo mengine, marefu zaidi, ya kwa nini siku hizi nilizokuwa mgonjwa ndizo nilizofurahi kuliko nyingi. Kifua kikasema hapana. Pumzi ilitosha neno moja.

"Sebuleni."

"Unasema?" Mke wangu alikuwa ngazini.

"Meza, sebuleni. Chumba cha Mama."

Hayo yalikuwa matano zaidi, nikakohoa. Mama akatokea nyuma ya bintiye, futi ya kupimia shingoni, uso umekunjamana.

"Chumba cha Mama gani?"

"Wewe, Mama. Cha tatu."

"Nani alikwambia nakitaka? Mnanigawia chumba kama mnagawa sufuria? Na pazia nililomshonea mtu?"

"Ulimshonea nani?"

"Wewe! Unadhani kitambaa kizito namna ile ni cha nini? Kile kinakunywa sauti. Nilisema angalau akijifungia humo kupiga kelele zake, binti yangu alale."

Mbebaji wa nyuma akaomba radhi, lakini meza ilikuwa inamshinda. Hakuna aliyemsikia. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye ngazi, mikono usoni, mabega yakimtikisika.

"Mama," nikasema, "kitambaa kinachozuia sauti kutoka, kinazuia na kuingia?"

Akafikiri. Anaheshimu swali la kitambaa.

"Kinazuia."

"Basi nitakuwa sebuleni napiga kelele, wewe ndani husikii."

Mama akaivua futi shingoni. Kisha akawageukia wabebaji. "Sebuleni, karibu na dirisha. Msiikwaruze." Na kwangu: "Nitakaa mpaka mvua iishe. Tuone."

Mke wangu anasema mvua za huku hazina haraka.

Machi 31

Uchovu. Tumelala wote mchana.

Aprili 2

Meza iko dirishani. Runinga iko nyuma ya kisogo changu. Ni mpango mbaya kabisa, na asubuhi hii nimeandika safu nzima.

Nilipomaliza niliisoma kwa sauti, kupima pumzi. Nilipofika aya ya pili ukuta ukaniita.

"Nakusikia!"

"Pazia vipi, Mama?"

"Halitoshi. Nitaongeza kitambaa cha ndani."

"Na hoja yangu je?"

"Ya kwanza nzuri. Ya pili umeanza na kiberiti."

Nikafuta ya pili. Sikufurahi. Nitairudisha wiki ijayo kwa jina lingine.

Kisha nikaenda kupanga boksi la mwisho, lile la visivyosomeka, nililoliacha peke yake kwenye kona. Bwana wa vifungo yumo. Tume imo. Mashairi yamo. Juzuu ya pili imo. Ya kwanza haimo.

Mlango wa chumba cha tatu ulikuwa wazi kidogo, Mama ametoka kutafuta sindano. Pazia la bluu limeangukia vizuri, mwanga unapita pembeni tu. Kitabu chekundu kipo juu ya mto wake. Sikuingia. Nilisimama kwenye kizingiti kama mkwe anavyopaswa, nikanyoosha shingo.

Uzi umesogea.